Lundo Nyuma ya Ukuta

Alojz Kornas alikwenda kununua makaa akiwa na kitambaa kikavu mfukoni. Alifika kwenye uwanja wa Felicja Hanzel asubuhi, mvua ya Novemba ikiwa imekatika muda mfupi tu, na kabla hajamsalimia mtu alilizunguka lundo kubwa la makaa ya mawe mara mbili, polepole, kama anayekagua ng'ombe mnadani. Akatia mkono ndani kabisa ya lundo, maana vipande vya juu huwekwa kwa ajili ya wajinga, akachomoa kimoja, akakifuta, akakiinua kwenye mwanga. Kisha akakigonganisha na kingine karibu na sikio lake la kushoto. La kulia lilikuwa limebaki mgodini, kwenye kazi ya baruti.

"Yanasemaje?" mwanamke akauliza nyuma yake.

"Yanasema yamelala majini."

"Yamelala kwenye mvua, mzee, kama sisi wote. Sina paa la kufunika tani mia mbili."

Huyo ndiye Felicja mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, buti za mpira miguuni, koti la kiume begani. Uwanja aliachiwa na marehemu mumewe, na watu wa pale karibu na mji wa Rybnik walisema ameuendesha vizuri kuliko yeye. Alojz alikuwa amelisikia hilo, na ndilo lililomtia shaka. Mfanyabiashara wa makaa anayesifiwa na kila mtu lazima ana jambo.

"Na mizani yako," akasema, "inajua kutofautisha makaa na mvua?"

"Haijui. Ukiogopa kununua maji, subiri siku tatu yakauke, ndipo uje. Mimi siendi popote."

Jibu hilo lilimkosesha raha zaidi. Mwizi wa kawaida hukuhimiza ununue leo. Anayekuachia uende zako anakuwekea mtego mkubwa zaidi. Akakiangalia tena kile kipande. Kilikuwa cheusi kilichofifia, kama kiatu kisichopigwa dawa.

"Hayang'ai."

"Hayanunuliwi kwa kung'aa."

"Yanatoka mgodi gani?"

Akamtajia mgodi wa mbali, upande wa mashariki. Alojz akacheka kwa pua. "Kule wanachimba udongo wakaupaka rangi. Ya Emilia huna?"

Jicho la Felicja liliteleza kidogo, likaenda kwenye ukuta wa matofali uliokuwa mwisho wa uwanja, likarudi. Kuteleza huko Alojz alikuona. Miaka thelathini na moja chini ya ardhi ilikuwa imemfundisha kuona mabadiliko madogo, maana huko dari halikuonyi mara mbili.

"Una jiko gani nyumbani?" Felicja akauliza.

"Jiko ni jiko."

"Si kweli. La kuchochea kwa mkono, au lile lenye skrubu ya kusukuma makaa?"

"La skrubu. Manispaa ilitulazimisha, wakang'oa la zamani. Eti moshi."

"Basi ya Emilia hayakufai."

Ikamwingia kama sindano. Mgodi wa Emilia ulikuwa maisha yake. Aliingia humo akiwa na miaka kumi na tisa, akatoka na kiinua mgongo, medali na sikio moja. Kila mwaka, majani yakianza kuanguka, lori la mgodi lilikuja likamwaga mbele ya lango lake posho yake ya makaa: meusi, manono, yanayong'aa kama manyoya ya kunguru. Nyumba ilikuwa na joto hadi dari. Halafu posho ikafutwa, jiko la zamani likang'olewa, na tangu hapo Alojz akaanza kununua makaa sokoni kama mtu yeyote, jambo ambalo moyoni aliliona kama aibu.

Na mwaka uliopita aliibiwa. Hivyo ndivyo alivyoamini. Mtu mmoja aitwaye Hubert Gajda alimuuzia tani tatu akiapa kwa jina la mama yake kwamba ni makaa ya Emilia. Moto ulizimika mara ishirini na moja majira yale ya baridi. Alojz aliandika kila mara kwenye kalenda ya jikoni. Mwezi wa Februari mkewe, Truda, ambaye mapafu yake hayakuwa na nguvu tangu utotoni, akalazwa kwa homa ya mapafu, siku kumi na sita. Alojz alisimama nje ya kanisa, watu wakitoka misani, akamwita Gajda mwizi na muuaji. Gajda alivaa kofia yake akaondoka, na wote wakaona hiyo ni dalili ya hatia.

Sasa binti yao, Sabina, aliyekuwa mwuguzi huko Gliwice, alikuwa ametoa neno lake. "Baba, nakuja Siku ya Barbara. Nikikuta chumba cha mama kiko chini ya nyuzi ishirini, naondoka naye. Anakaa kwangu mpaka Pasaka. Kwetu joto linatoka kwenye mabomba ya mji, hakuna anayebahatisha." Alojz alijaribu kuifikiria nyumba bila Truda kutoka Desemba mpaka Pasaka: meza yenye sahani moja, redio ikizungumza peke yake. Alishindwa kumaliza kufikiri.

Kwa hiyo hakuwa tayari kufanyiwa mchezo mwaka huu. "Yanifae yasinifae," akamwambia Felicja, "nauliza kama unayo."

"Mzee, yale yanavimba na kushikamana yakipata moto. Yanageuka jiwe moja."

"Unanifundisha mimi? Kushikamana ndiko sifa yake! Viwanda vya chuma vinayagombea kwa sababu hiyohiyo."

"Ndiyo. Na wewe huna kiwanda cha chuma, una skrubu yenye unene wa mkono wangu."

Alojz akaaga bila kununua. Lakini hakutoka moja kwa moja. Alijifanya anafunga kamba ya kiatu karibu na ule ukuta, akachungulia. Nyuma yake palikuwa na paa dogo la bati, na chini ya paa lundo la makaa, dogo, safi, kavu. Yaling'aa. Akachukua kipande: mistari myembamba ya mng'ao, na kati yake uzi wa rangi ya dhahabu kama kwenye pindo la joho la padri. Uzi huo aliutazama kwa taa ya kichwani miaka thelathini na moja. Ulikuwa wa Emilia na hapakuwa pengine duniani alikouona.

"Hayo si yako, Bwana Kornas," Felicja akaita kutoka mbali. "Hayo ni ya mafundi wa chuma."

"Mafundi wa chuma!" Alojz alirudia njia nzima ya nyumbani. Kwani wamebaki mafundi wangapi? Wawili? Lundo lile lilitosha kufulia viatu vya farasi wa jeshi zima. Hapana. Mabovu yanaachwa kwenye mvua kwa ajili ya wastaafu, mazuri yanafunikwa kwa bati kwa ajili ya wakubwa: daktari, padri, diwani. Aliona picha nzima, na kadiri alivyoiona ndivyo ilivyozidi kushikana.

Truda alikuwa akimenya viazi, shali begani, wakati alipoingia. "Umepata?"

"Wana njama."

"Akina nani tena?"

"Wewe subiri. Mwaka huu hawanipati."

"Mzee wangu," Truda akasema bila kuinua kichwa, "mimi sitaki njama, nataka joto."

Siku iliyofuata akaenda kwa Walenty Brzoza, fundi wa chuma aliyetengeneza milango ya mageti na vinara vya makaburi. Alimkuta akinoa patasi.

"Walenty, nichukulie tani moja na nusu kwa Hanzel. Yale ya nyuma ya ukuta. Kwa jina lako."

Walenty akamtazama. "Unafungua karakana uzeeni?"

Ilikuwa rahisi kusema kweli. Lakini Walenty alikuwa mteja wa Felicja. Nani ajuaye wanapeana nini wao kwa wao? "Ni ya mpwa wangu," Alojz akasema. "Anajifunza ufundi. Huko Raciborz."

"Ana bahati. Kwa kufulia chuma hakuna makaa kama hayo, moto unatulia pale ulipouweka." Akapangusa mikono kwenye aproni. "Mwambie tu awe anavunja ganda kwa nondo. La sivyo linafunga."

"Nitamwambia," akasema Alojz, akiwa haamini nusu ya alichosikia. Walikuwa wamepanga hadithi moja, hata hawa.

Makaa yakaja kwa gari la Walenty, kwenye magunia, Jumatano. Truda alishuka ngazi mbili za chumba cha chini, akaangalia. "Felicja amekubali kukuuzia?"

"Makaa yamefika, si ndiyo?"

"Sikuuliza hivyo."

Alojz akayamimina ndani ya sanduku la jiko. Alisikia skrubu ikianza kuzunguka chini, ikiyasukuma punje kwa punje mpaka kwenye kikombe cha moto, na feni ikipuliza. Moto ukapanda mweupe, wenye nguvu. Baada ya saa moja mabomba ya ukutani yakawa moto kiasi cha kuunguza kiganja. Alipanda juu akaketi karibu na Truda, akavua fulana ya sufi, akabaki na shati. Alijisikia kama aliyeshinda kesi.

"Nyuzi ishirini na tatu," akasema.

"Naona."

"Sema basi kitu."

"Nasema ni joto. Ila wewe umevaa sura ya mtu aliyeiba kuku."

Ijumaa jiko likawa linanung'unika. Alishuka mara mbili, akachokoa, likaendelea. Jumamosi ilikuwa tarehe nne Desemba, Siku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji. Asubuhi Alojz akavaa sare yake nyeusi yenye vifungo vya dhahabu na kofia ya manyoya meusi, akaenda kwenye misa na maandamano, bendi ikipiga mbele. Kwa wachimbaji wa kule siku hiyo hailinganishwi hata na Krismasi. Alipita mbele ya Gajda aliyekuwa amesimama kando ya barabara, akatazama juu ya kichwa chake kama vile pale hapana mtu.

Aliporudi, gari la Sabina lilikuwa langoni. Harufu ya nyama ya kukunja na kabichi nyekundu ilikuwa sebuleni, lakini madirisha hayakuwa na ukungu, na hilo alilitambua kabla hajavua kofia. Truda aliketi mezani na koti lake la kutokea nje. Sabina alisimama na kipimajoto mkononi.

"Kumi na sita, baba."

"Haiwezekani."

"Kishike mwenyewe."

Hakukishika. Alishuka chumba cha chini akiwa na sare yake vilevile, akafungua mlango wa jiko. Feni ilikuwa ikipuliza bure. Juu ya kikombe cha moto palikaa donge kubwa, la kijivu, lenye matundu, limevimba kama koliflawa iliyoota kwenye chuma, na pembeni mwake punje mpya zilikuwa zimefurika sakafuni mwa jiko bila kuwaka. Alichukua koleo la chuma akalivuta. Halikutoka. Akapiga magoti na suruali yake ya sherehe, akashika kwa glavu, akalizungusha mpaka likavunjika.

Alilijua donge lile. Majira ya baridi yote ya mwaka uliopita alikuwa akitoa mengine kama hilo karibu kila wiki, akiyaita mawe ya Gajda. Akavunja kipande, akatafuta kwenye ndoo punje ambazo hazijaungua, akaziangalia kwenye balbu moja baada ya nyingine. Uzi wa dhahabu ulikuwepo. Ilikuwa Emilia, Emilia tupu, haikuchanganywa na kitu. Na kama hii ilikuwa Emilia, basi na ile ya mwaka jana nayo.

Alikaa juu ya gunia. Katika jiko la zamani yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mkono: asubuhi na jioni alichukua nondo, akalivunja ganda, moto ukapumua, na hakuwahi kuhesabu kazi hiyo kuwa kazi. Jiko hili halina mkono. Lina skrubu tu, na skrubu haiwezi kuvunja kitu, inasukuma. Felicja alikuwa amemwambia. Walenty alikuwa amemwambia. Hata Gajda, sasa alikumbuka, alimwuliza habari ya jiko lake, naye akamjibu kwamba hayamhusu.

Sabina alikuwa ameshuka hadi katikati ya ngazi. "Wamekuibia tena?"

Ilikuwa njia nyepesi ya kupita. Angesema ndiyo, na mji mzima ungemwamini.

"Hapana," akasema. "Makaa ni mazuri. Niliyataka mimi. Niliambiwa yatazima nikayataka hivyohivyo, nikadanganya ili niyapate."

Sabina akalitazama lile donge. "Mama anaondoka nami leo."

"Najua. Nipe wiki moja tu, Sabina. Uje Jumapili ya wiki ijayo upime. Ukikuta pungufu, sitasema neno mpaka Pasaka."

"Kwa nini niamini?"

"Usiamini. Njoo na kipimajoto chako."

Jumatatu alifika kwa Felicja na kukuta foleni: wanaume sita, wengi wastaafu wa Emilia, wakiwa na mikokoteni na gari dogo la kukodi. Ernest Pluta, aliyefanya naye zamu miaka mingi, akapaza sauti. "Kornas! Umekuja kuligonga lundo? Ingia, sisi tunasubiri utuambie kama linaimba sauti ya kwanza au ya pili!"

Wakacheka. Alojz alisubiri wamalize. Alikuwa amepanga kumvuta Felicja pembeni, lakini alipomwona amesimama mlangoni pa kibanda, mikono mifukoni, alifahamu kwamba pembeni hapatoshi. Yale ya nje ya kanisa hakuyasema pembeni.

"Bi Felicja," akasema, na foleni yote ikasikia, "makaa aliyoyachukua Walenty ni mimi niliyeyachoma, nilimdanganya ni ya mpwa wa Raciborz. Sina mpwa Raciborz. Yameziba jiko kama ulivyosema. Na ya Gajda mwaka jana yalikuwa hayohayo. Hakuniibia."

Ernest Pluta akaangalia buti zake.

"Mke wako yuko wapi?" Felicja akauliza.

"Gliwice."

Felicja akaitikia kwa kichwa, akaenda kwenye lundo kubwa, lile la mvuani, akachota kwa koleo akamletea. "Haya. Yanawaka kwa mwali mrefu, yanabaki majivu tu, hayashikani. Majivu ni mengi kidogo, sikufichi. Utatoa ndoo moja kila siku ya pili."

Alojz akaangalia. Yalikuwa mabaya kama mwanzo, yamefifia, yana unyevu. Kila kitu ndani yake kilimwambia anatiwa mchanga machoni. Mkono ulitaka kwenda mfukoni kwenye kitambaa.

"Yana maji," akasema.

"Yana maji. Leo nakupimia magunia kumi tu, ya kukutosha wiki. Yamwage karibu na jiko yakauke. Ukiona yanazima, yarudishe, hata majivu."

"Kwa nini usiniuzie tani nzima?"

"Kwa sababu huniamini, na mimi sipendi kutoka misani nikukute umesimama nje ya kanisa ukiniita mwizi."

Hilo nalo lilimwuma, na lilikuwa haki yake.

Wiki ile aliishi kama mtu anayemlinda mfungwa. Alishuka chumba cha chini kila saa, akiwa na uhakika kwamba safari hii atakuta donge. Alikuta majivu, ya kijivu hafifu, laini, yakidondoka yenyewe pembeni mwa kikombe. Alifikiri labda magunia ya juu yamechaguliwa ili kumpumbaza, akachanganya ya chini. Majivu. Alhamisi akapima joto la chumba cha Truda kwa vipimajoto viwili, kisha akaazima cha tatu kwa jirani, kwa sababu viwili vilikubaliana upesi mno. Ishirini na moja, ishirini na moja, ishirini na moja na nusu. Usiku ule Truda alipopiga simu kuuliza hali, alimwambia, "Bado siamini," na Truda akamjibu kwamba hata padri, siku ya harusi yao, Alojz alimwuliza kitambulisho.

Ijumaa alikwenda hadi mlangoni kwa Hubert Gajda. Alisimama pale, akasikia watu ndani wakila, vijiko kwenye sahani. Hakugonga. Alirudi nyumbani akijiambia kwamba Ernest Pluta atakuwa ameshamfikishia habari, na wakati huohuo akijua kwamba hilo si sawa na kugonga. Kazi hiyo ilibaki.

Jumapili gari la Sabina likaingia saa sita. Sabina alipita moja kwa moja hadi chumba cha mama yake bila kumsalimia baba, akaweka kipimajoto chake juu ya kabati, akatazama saa. Kisha akashuka chumba cha chini, na Alojz akasikia mlango wa jiko ukifunguliwa na kufungwa. Sabina alipanda na masizi kidogo kidoleni.

"Haya makaa ni ya nani?"

"Ya Hanzel. Ya mvuani."

"Na yakizima Januari?"

"Nitakupigia mimi mwenyewe kabla hujapiga wewe."

Sabina akamtazama kwa jicho ambalo Alojz alilitambua, maana lilikuwa la kwake: jicho la mtu anayetia mkono ndani kabisa ya lundo. Akaenda kuchukua kipimajoto.

Truda hakuwangoja. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, mkoba bado mkononi, akisikiliza maji yakitiririka ndani ya bomba la ukutani. Aliweka kiganja juu yake akakiacha hapo. Truda akaweka mkoba kitini, akafungua kifungo cha juu cha koti lake, akasita, akafungua cha pili, kisha vyote vilivyobaki, akamnyoshea mumewe lile koti.

"Litundike," akasema. "Na nenda ukatoe majivu, nasikia ndoo imejaa."